Nilimaliza dozi ya nyuki wa dada

Mnisamehe mwandiko, na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na huwa naandika polepole. Kosa ni langu mie mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Naishi Bunju kwa dada yangu. Anafuga nyuki, mizinga miwili nyuma ya banda la kuku. Hiyo ndiyo kazi yake, hana nyingine. Alipokwenda Temeke kujifungulia kwa mama mkwe wake, aliniachia mizinga. "Waangalie tu, mdogo wangu. Usiwape kitu."

Siku moja nikaona nyuki wana vidudu vyekundu mgongoni, kama utitiri wa kuku. Nikaogopa. Kumpigia dada nikaona aibu, atasema hata kuangalia kumenishinda.

Kwetu kila ugonjwa ni rangi mbili, vile vidonge vya kupasua vyenye unga wa njano ndani. Kidonda, tumbo, hata kuku wakizubaa tunawawekea kwenye maji. Nikaenda duka la dawa, nikaomba rangi mbili.

"Nani anaumwa?" muuzaji akauliza.

Nyuma yangu walisimama wasichana wawili. Ningesemaje nyuki?

"Mimi."

"Unaharisha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Wale wasichana wakacheka!

"Maliza dozi, braza. Usiache ukiona nafuu."

Nikapasua vidonge kwenye maji ya sukari, nikaweka kisahani ndani ya mzinga mmoja. Wakanywa. Baadaye wengine wakaanza kutambaa chini, hawaruki. Jamani, hapo ningeacha! Lakini niliambiwa nimalize dozi. Nikamaliza.

Dada aliporudi na mtoto, mzinga ule ulikuwa kimya, nyuki wamekufa. Akamwita bwana nyuki, yule mtaalamu wa ufugaji. Bwana nyuki akafungua, akakuta kisahani kina ukoko wa njano. Nikakiri kwamba niliona vidudu, nikawapa rangi mbili.

"Utitiri unawadhoofisha, hata tumbo unalivuruga," akasema. "Lakini nyuki wetu wengi wanauhimili. Tumboni mwa nyuki kuna vijidudu vyake vyema, vinamsaidia kusaga chakula na kumkinga na maradhi. Hii dawa ni ya kuua bakteria, imeviua hivyo. Utitiri wenyewe wala haikuugusa."

Dada akanigeukia. "Uliwapa mara ngapi?"

"Nilimaliza dozi."

Hakupaza sauti. Bora angenipiga!

Mzinga wa pili sikuupa, vidonge viliisha. Nao una utitiri vilevile, na nyuki wake wanatoka kila asubuhi. Napita pale, nawatazama, sisikii kitu moyoni. Kama mguu uliokufa ganzi.

Jana mtoto alilia tumbo. Nikainuka kuchukua chupa ya dawa aliyoandikiwa kliniki, nimpelekee dada.

"Acha. Usimpe kitu."

Akamlaza mtoto, akaifuata mwenyewe.

Nyie mnaofuga, msitie kwenye mzinga dawa msiyoijua. Na msione aibu kuuliza, hata wakicheka! Mie kicheko cha wale wasichana nimeshakisahau.

Kama kuna aliyewahi kupoteza imani ya ndugu yake, kisha ikarudi, aniandikie kupitia ukurasa huu, anieleze alifanyaje. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.