Pimbi wa Jiwe la Susu

Juzi nilirudi Kilungu, rafiki yangu, na kitu cha kwanza kunikaribisha ilikuwa nyundo. Ko, ko, ko. Lile jiwe kubwa juu ya shamba la susu, watu wanalivunja kokoto! Susu ndiyo nyanya, yaani bibi, kwetu Ukambani. Nikapanda mbio hata sijaweka begi chini.

Hilo jiwe lilikuwa na doa jeupe, refu, ungefikiri mtu alimwaga chokaa. Haikuwa chokaa. Ni mkojo wa pimbi. Hao wanyama wana choo moja ukoo mzima, babu mpaka mjukuu, wanakojoa hapo hapo miaka na miaka mpaka jiwe linageuka rangi. Nani alinionyesha? Susu, nani mwingine.

Asubuhi tukitwanga mahindi ya muthokoi, maganda yakiturukia usoni, pimbi walitoka kwenye nyufa wakajipanga kwa jua. Susu alikuwa anasema wako kama zile betri za redio tulizoanika juu ya bati: bila jua hawawaki. Kweli, kukiwa na ukungu huwaoni. Akanionyesha nyayo zao, nyororo, zinatoa jasho, ndiyo maana wanapanda jiwe lililosimama wima na hawatelezi. Na mimba! Mnyama saizi ya sungura, anabeba mimba zaidi ya miezi saba. "Huyu kwao ni kwa watu wakubwa," susu alisema. "Ni ndugu ya tembo." Baba yake alikuwa mwindaji huko chini upande wa Kibwezi, na susu akiwa msichana alishika mguu wa tembo kwa mikono yake mwenyewe. Alijua anachosema.

Sasa, niko darasa la sita, mwalimu wa sayansi akatupa jaribio. Pimbi ni wa jamii gani? Nikaandika tembo. Jibu alilotaka ni panya. Mwalimu akasoma langu kwa sauti, darasa likaanguka kwa kicheko.

"Nani amekudanganya hivi?"

"Susu."

"Na susu yako alisomea wapi? Kwa mbuzi?"

Mimi unanijua. Nitusi mimi, tutaongea. Susu, hapana. Nikasimama. "Na wewe ulisomea wapi? Kwa panya?"

Wuui! Hakuna aliyecheka tena. Nikafukuzwa, nisirudi bila mzazi na bila kuomba msamaha. Mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa wiki hiyo hiyo. Nikiukosa, narudia darasa. Na mimi nilikuwa nimeapa siombi. Kuomba msamaha si ni kukubali susu ni mwongo?

Nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alichukua kiondo, kikapu chake, akapanda mpaka chini ya kiota cha tai, pale tai huangusha mifupa akishamaliza kula. Kesho yake akavaa kitambaa cha kanisani, tukaenda.

Juu ya meza ya mwalimu akaweka fuvu na mguu mmoja uliokauka.

"Mwalimu, angalia meno. Ya panya ni patasi. Haya?"

Mbele yalitoka mawili, yamepinda, yamechongoka kama pembe za ndovu, ila ndogo. Na mguuni hakukuwa na makucha ya panya, ni kucha bapa, fupi, kama za tembo.

Mwalimu akageuza fuvu, akageuza tena. "Lakini susu, kitabu inasema..."

"Hiyo kitabu iliwahi kumshika?"

Mwalimu akajaribu kukaza uso, kicheko kikamponyoka. Nikafikiri tumeshinda. Susu akanigeukia, macho makali.

"Na wewe mwiitu, msichana wangu, omba msamaha ya mdomo. Ya pimbi, usiombe."

Nikaomba, ya mdomo. Nikafanya mtihani, nikapita. Ile alama nyekundu kwa jibu langu haikufutwa, lakini fuvu mwalimu alibaki nalo, likakaa juu ya kabati yake mpaka nikamaliza shule.

Baada ya darasa la nane nilijisomea tu, vitabu vikuukuu visivyo na jalada, vile vinatandazwa chini kwa soko la mji wa Wote. Siku moja nikafungua kimoja, na hapo hapo: ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo, na nguva wa baharini. Nguva! Hata susu hakujua hiyo. Alikuwa amezikwa miaka miwili. Nilisoma ule ukurasa kwa sauti jikoni kwake, kinu kikiwa pembeni, kimejaa utando wa buibui.

Basi juzi nilimfokea msimamizi wa kokoto mpaka vijana wakashusha nyundo. Doa jeupe limebaki kipande cha ukubwa wa mlango. Nyufa zimefunguka, tupu. Hakuna pimbi hata mmoja.

"Dada, kelele yote hii ni ya panya wa mawe?" msimamizi akauliza.

Nikafungua mdomo nimmalize. Halafu nikamwona susu akilini, na kitambaa chake cha kanisani.

"Nisamehe kwa kelele," nikamwambia. "Lakini si panya. Keti nikueleze."