Mafuriko Manne ya Tuneya

"Hivi Mwanahamisi, mimi na wewe tunachota mto mmoja au miwili?" jirani yake Batula alimuuliza wakijaza madebe pale Garsen. "Maana marehemu Tuneya alificha ule uvimbe wa titi mafuriko manne. Wewe ukamwambia daktari miezi mitatu. Ulihesabia mto gani?"

Mwanahamisi alijitia kucheka. "Batula nawe! Ulimi wako hauwaachi hata waliolala kaburini."

Lakini hakuweza kumtazama usoni.

Watu wa Tana huhesabu kwa mafuriko, mawili kila mwaka, na yeye, mkalimani wa zahanati, ndiye aliyeyageuza kuwa miezi ya daktari. Mwaka hamsini na sita yule daktari Mzungu alikuja akitafuta wanawake wenye uvimbe wa titi. Alitaka kujua kama saratani ikiwahiwa kwa kisu hupona. Mwenye uvimbe usiozidi nusu mwaka alipelekwa Mombasa kupasuliwa. Wengine walipewa dawa ya maumivu tu, basi. Tuneya alisema kweli yake kwa Kipokomo. Mwanahamisi akamtazama shoga yake, akawakumbuka watoto watatu wa shoga huyo, akageuza: "Miezi mitatu, Bwana Daktari." Alidhani anachuma thawabu.

Tuneya alipasuliwa, akafia huko huko, akaoshwa na mikono ya wageni. Tangu hapo Mwanahamisi aliomba maghufira kila swala, na kila swala aliinuka na mzigo wake vilevile.

Sasa daktari alikuwa amerudi. Jana yake alimwambia kwa unyonge, "Mama, niliowapasua ni wanne. Tuneya ndiye niliyemwahi kuliko wote, naye amekufa. Labda kuwahi hakusaidii kitu. Nitaandika hivyo, na safari za Mombasa zitakoma."

Aliyasikia hayo akarudi nyumbani na siri yake, Mungu amsamehe.

Alitua debe nyumbani, akajifunga leso vizuri, akaenda zahanati. Kwenye benchi alikaa Dahabo, mke wa mchuuzi wa ng'ombe, aliyegundua kivimbe chake mwezi wa Ramadhani uliopita tu.

"Mama, nami nitapelekwa?"

Mwanahamisi alimshika bega. Akijua kazi itamponyoka na jina litachafuka, akaingia ndani, akasimama mbele ya meza.

"Bwana Daktari, nilikudanganya. Nakuomba ufute ile miezi mitatu ya Tuneya, uandike miaka miwili."