Majani Niliyompandia Mama

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile niliporudi nyumbani Muheto nikamkuta mama yangu anafagia majani. Sisemi majani makavu yaliyoanguka kutoka mtini. Alikuwa anafagia majani mabichi, yaliyoota ardhini, ameinama na mkono mmoja kiunoni, ufagio unapita juu yake na hauokoti kitu. Majani yale nilikuwa nimeyapanda mimi.

Liegemeze kwanza hilo beleshi ukutani, ukae. Tangu ulipofika jana kutoka Goma unazunguka na kamba unapima kiwanja changu, na mama yako ameniambia kwamba unataka kunitilia gazoni, majani ya kupamba uwanja, mbele ya nyumba, babu apumzishe macho. Sijakukataza. Ila nimechoka siku hizi, na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili, basi nisikilize hii mara moja.

Nilikuwa kijana, uhuru ulikuwa bado, nikifanya kazi Mushaki kwa mzungu mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa. Mimi sikuwekwa kwa ng'ombe, niliwekwa kwa kiwanja. Nyumba yake ilikuwa mpya na mbele yake palikuwa mawe na magugu tu. Tulilima pale kina cha mkono mzima, tukachambua kila mzizi wa majani mabaya, maana ukiacha kipande kama kidole tu, kitarudi kukucheka. Tukatoa mawe. Tukavuta kamba, tukasawazisha kwa ubao mrefu, tukaacha mteremko kidogo ili maji yasilale karibu na ukuta. Tukatandaza samadi iliyooza, tukasawazisha tena. Ndipo tukaenda malishoni kukata majani yale mafupi yenye kushikana, vipande vya mraba pamoja na udongo wake, tukavibeba kwenye machela na kuvipanga vikiwa vimebanana, kama mwashi anavyopanga matofali, viungo visifuatane. Tukavigonga kwa ubao, tukamwagilia. Baada ya majuma mawili ukivuta kipande, hakitoki. Kimeshika.

Nilijivuna kupita kiasi. Jioni nilikuwa nasimama kando nikitazama kijani kile kimelala sawasawa, halafu nawaza uwanja wetu wa Muheto, udongo mtupu, mgumu, wenye michirizi ya ufagio. Nikauonea aibu. Uwanja niliotambaa juu yake, mwanangu, niliuonea aibu! Mpaka leo nikikumbuka hapo natamani kujipiga kofi, ila mkono nao umechoka.

Nikapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Nilipofika sikumkuta mama. Alikuwa amekwenda Itebero, kule msituni, kwa dada yangu aliyejifungua, na safari ya Itebero ilikuwa ya siku nyingi kwa miguu. Baba alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Nyumba nzima ilikuwa mikononi mwangu, nami nikasema moyoni: akirudi atakuta maajabu.

Nikaanza kulima uwanja. Jembe lilikuwa linaruka, mikono inauma. Ugumu ule nikauona ni ubaya wa udongo, nikazidi kupiga. Siku ya pili mjomba wangu Bauma, kaka wa mama, alishuka kutoka kwake juu ya kilima, akasimama kwenye ukingo.

"Mama yako anajua?"

"Hapana, mujomba. Ataona tu akifika. Atafurahi. Hii udongo ni mubaya."

Akatazama udongo uliopinduliwa, akatazama mikono yangu yenye malengelenge, akapanda kilima kurudi kwake. Nilifikiri wazee hawapendi vitu vipya. Vijana wote huwafikiria wazee hivyo, na wewe pia, usinifiche.

Nikafanya kila kitu kama Mushaki. Kamba, ubao, samadi. Wachungaji walinionyesha majani mazuri bondeni karibu na maji, nikakata, nikabeba peke yangu mgongoni, siku nane. Mama alipotokea njiani, kamba ya mzigo ikiwa bado kwenye paji la uso, majani yalikuwa yameshashika na yanang'aa kwa mvua ya mchana. Alisimama pale pale bila kutua mzigo.

"Ni wewe njo ulifanya hii yote?"

"Ni mie, mama."

"Aksanti, mutoto yangu. Iko muzuri sana."

Kisha akapita pembeni kabisa, akiambaa ukuta, mpaka mlangoni. Hakuyakanyaga. Nilidhani anaogopa kuyaharibu, na nikafurahi zaidi. Majirani walikuja kutazama, wakasifu. Nikarudi Mushaki kichwa juu.

Ikapita miezi. Siku moja akina mama waliokuja kuuza maziwa barabarani wakaniletea neno kutoka kwa mjomba: mama yako ameanguka, njoo. Nikaondoka saa ile ile, nikalala njiani, na asubuhi nikamkuta hivyo nilivyokwambia, anafagia majani, huku mguu mmoja anauburuta.

Nilimsalimu, akacheka kidogo, akaingia jikoni kunitafutia chakula. Nami nikatazama gazoni yangu vizuri. Katikati ya majani kulikuwa kumeota miche ya maharagwe, hapa mitatu, pale mitano, mingine imeoza kabla ya kufungua majani yake. Sikuelewa. Mjomba Bauma alikuwa amekaa kwenye kigogo kando ya ukuta. Yeye ndiye aliyenielewesha.

"Ule muzungu yako, ulimuonaka anaanika maharagi mbele ya nyumba?"

"Hapana, mujomba."

"Basi. Yeye hana maharagi ya kuanika. Dada yangu, fasi yake ya kuanika ilikuwa hapa tu. Alijaribu kuanika juu ya majani yako. Maji ikatoka chini, maharagi ikaota, ingine ikaoza. Ile ilibakia akabeba kunako mugongo, kila siku, kuipandisha kwangu kule juu apate kuanika kwenye lupango, uwanja yangu. Njia ilikuwa na matope. Akateleza, akaanguka na muzigo, akaumia nyonga, na maharagi ikapotea yote ndani ya matope."

Aliendelea, wala hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

"Na ile udongo uliita mubaya. Unajua nani aliikazaka? Ni miguu ya batu. Siku ya ndoa yake tulicheza hapa mpaka asubuhi. Baba yako tulimulilia hapa hapa. Miaka yote ile anafagia, anamwangia maji, anafagia. Wewe ukafika na jembe, siku ine tu, ukaimaliza."

Maharagwe yale, mwanangu, yalikuwa madogo, ya njano, yenye jicho jeusi. Mama alipewa mbegu yake na mama yake siku alipoolewa, na tangu hapo hakuna msimu aliokosa kuweka akiba ya mbegu kwenye kibuyu. Msimu ule kibuyu kilikuwa kitupu. Tulitafuta kwa jamaa, tukatafuta mpaka Itebero kwa dada. Tulipata maharagwe mengi mazuri. Yale hatukuyapata tena.

Nilimfuata jikoni. Nilikuwa nalia, sioni haya kukwambia.

"Mama, juu ya nini haukunikataza? Juu ya nini hata haukuyang'oa?"

Akaendelea kukoroga chungu.

"Tangu baba yako alikufa sikukuonaka na furaha vile. Nikasema, acha nione furaha ya mutoto wangu kidogo. Nitaanika kwa kaka."

Aliona furaha yangu, akailipia kwa nyonga yake na kwa mbegu ya mama yake. Na mimi nilikuwa sijamuuliza hata swali moja.

Siku hiyo hiyo nilianza kuyatoa. Vipande vilikuwa vimeshika kweli, maana kazi ilikuwa nzuri, na uzuri wa kazi ndio uliokuwa unanitesa. Nilikata, nikabeba kurudisha bondeni. Lakini chini ya majani udongo ulikuwa laini, mweusi, wa kuingiza mguu, kama nilivyofundishwa. Tukaleta udongo wa mfinyanzi, tukachanganya na mavi ya ng'ombe, tukapiga kwa magogo, jamaa wakaja kukanyaga. Mvua ikanyesha, ukawa matope. Jua likawaka, ukapasuka. Tukapiga tena. Niliacha kazi ya Mushaki ili niwe napiga uwanja, na kila asubuhi mama alitoka na mguu wake ule, akafagia palipokauka.

Aliishi misimu mitatu baada ya hapo. Maharagwe ya mbegu nyingine yakawa yanaanikwa kwa mjomba, ila sasa niliyabeba mimi. Alipokufa ilikuwa mvua kubwa. Watu walikuja wengi, na ilibidi tukate majani ya migomba tuyatandike chini, maana walikuwa wanazama. Nilisimama mlangoni nikiwatazama mama zangu wadogo wamekaa katika matope, wanamlilia dada yao, na hakuna aliyeninung'unikia. Uchovu unaouona kwangu, mwanangu, watu husema ni uzee. Sehemu yake ilinianza siku ile.

Basi nasaha yangu ni hii. Usimletee mtu kitu kizuri kabla hujajua mahali pale unapotaka kukiweka panafanya kazi gani. Usidhani mahali patupu hapana kazi. Uliza, na ukishauliza ngoja jibu, kisha tazama uso, kwa sababu anayekupenda atakujibu "iko muzuri" huku anapita kando ya ukuta. Na jembe likiruka, simama ujiulize ni nani aliyeukaza udongo ule. Furaha ya kumpa mtu zawadi ni yako wewe; mwenzako ndiye atakayeishi nayo.

Mwenyewe unaona, kesho mama yako anaanika mahindi hapa mbele. Kwa hiyo hapa, hapana. Lakini inuka, nishike mkono, twende nyuma ya nyumba. Pale kwenye mteremko udongo unashuka kila mvua, umeshafika karibu na msingi wa jiko, nami unanikosesha usingizi kila mwaka na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, babu, ni wapi unapohitaji majani? Hapo lima. Hapo pima na kamba yako, chambua mizizi, weka samadi, panga vipande vyako vibanane. Nitakaa kwenye kiti nikuonyeshe, maana kazi yenyewe sijaisahau.

Mungu akuongezee siku, mwanangu. Akupe mikono ya kujenga na mdomo wa kuuliza kwanza. Na siku watakapokuja kukulilia, wakute uwanja wako ni mgumu, wakae pakavu.