Propela Iliyobaki Kilosa

Mzee wangu wa Magomeni, hapa hapa Kilosa, amefariki dunia. Amezikwa Makambako, alasiri ya siku ile ile aliyokata roho, kama dini yake inavyoelekeza. Mwanawe mkubwa alinipigia simu wakiwa wanatoka makaburini. Sikuwa na la kumlaumu wala yeye hakuwa na la kunilaumu, kwa sababu kutoka Kilosa hadi huko ni safari ya kutwa, na maiti ya Mwislamu haingoji basi. Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanamkumbuka. Ndiye yule niliyepata kuandika kwamba alikuwa na pikapu moja kuukuu, na nusu ya wakazi wa Magomeni walikuwa na hakika kwamba ni yao. Pikapu ile ilibeba mahindi kutoka mashambani, mabibi harusi, wagonjwa wa kwenda hospitali na majeneza ya kwenda makaburini, likiwamo la mkewe mwenyewe, ambaye kaburi lake liko hapa Kilosa. Mzee alitaraji kulala pembeni yake. Hilo halikutimia. Ukutani mwa chumba changu cha kuandikia limebaki doa refu la grisi, mahali ilipoegemezwa propela ya pikapu hiyo kwa muda wote aliokuwa amehamia Makambako. Nalitazama doa hilo ninapoandika.

Propela, kwa asiyejua, ni ule mhimili mrefu wa chuma unaopita chini ya gari, kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Katika gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, injini hufanya kazi yake yote, lakini ni propela inayoifikisha kazi hiyo kwenye magurudumu. Ikitolewa, injini itawaka na kunguruma vizuri kabisa, na gari halitasogea hata hatua moja.

Baada ya mkewe kufariki, mzee alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vingi. Macho nayo yakaanza kuingia ukungu. Siku moja aligonga kibanda cha muuza mkaa akidhani ni kivuli, na watoto wake, ambao wote wanaishi Makambako, wakakata shauri kwamba ahamie kwao. Alikataa, akabembelezwa, akakataa tena. Hatimaye alikubali kwa sharti kwamba pikapu iende naye. Hakuna aliyetaka aiendeshe umbali ule, na yeye hakuwa tayari kumpa mtu mwingine usukani. Ikakubaliwa kwamba lori litakalobeba vitanda na makabati liivute kwa nyuma.

Asubuhi ya kuhama, dereva wa lori alishuka akiwa na haraka zake, akaizunguka pikapu mara moja na kutoa hukumu. "Hii kazi ndogo, mzee. Unaweka fri, tunafunga kamba, tunasepa."

"Fri tutaizungumza," mzee alimjibu. "Kwanza shikamoo yangu iko wapi?"

Dereva akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Sasa zungumza na mwandishi hapa. Yeye husoma. Hata chai ikiwa ya moto, huyu anakwenda kwanza kusoma kwa nini."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, maana si uongo. Sikupata kusomea ufundi darasani. Nimejifunza magari kwa kusoma, kwa kuuliza mafundi maswali ya kuchosha, na kwa kulala chini ya magari ya watu. Nikamweleza dereva ninachokijua. Kuweka gia kwenye fri hutenganisha injini na matairi, lakini hakutenganishi matairi na giaboksi. Gari la aina ile likivutwa huku matairi ya nyuma yanagusa barabara, matairi huizungusha propela, na propela huizungusha sehemu ya nyuma ya giaboksi. Injini imezimwa, kwa hiyo zile gia za chini ambazo kazi yake ni kurusha mafuta juu zimetulia tu. Beringi zinazunguka kavu. Ukivuta mpaka gereji ya mtaa wa pili hutaona dhara. Ukivuta kutwa nzima, utafika na gari zima kwa nje na giaboksi iliyoungua ndani.

"Mimi nimevuta magari mpaka Tunduma," dereva alisema.

"Na wenyewe walikupigia simu baadaye kukushukuru?" mzee aliuliza.

Dereva alikwenda kutafuta spana. Kuanzia hapo alikuwa msaidizi mzuri, tena ndiye aliyekumbusha kwamba kamba haifai kwa gari lisilo na mtu ndani, kwa kuwa lori likifunga breki, gari la nyuma litakuja kuligonga. Akaenda kuazima chuma cha kuvutia chenye pembe tatu, tukakifunga kwenye chesesi, ule uti wa gari, na si kwenye bampa, na mnyororo wa akiba juu yake. Ufunguo uliachwa kwenye swichi ili usukani usijifunge, hendibreki ikashushwa, na kitambaa chekundu kikaning'inizwa nyuma. Propela aliitoa mzee mwenyewe. Alikataa mtu mwingine asiingie chini ya gari lake, na kwa macho yale alifanya kazi kwa kupapasa. Kabla ya kulegeza nati aliomba rangi. Rangi haikuwapo, ila ndani ya kabati lililokwisha pakiwa kulikuwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha ya marehemu mkewe. Akapaka mstari mmoja uliovuka kutoka kwenye propela hadi kwenye difu, ili siku ya kuirudisha ikae vile vile ilivyokuwa. Ikikaa vingine inaweza kutetemesha gari zima. Kisha akaichomoa, akaziba mkia wa giaboksi kwa mfuko wa plastiki na kuukaza kwa mpira wa tyubu, mafuta yasivuje. Alipotoka chini alikuwa na wekundu huo kwenye kidole. Hakuufuta.

Niliwasindikiza hadi Mikumi. Njiani tulisimama mara kadhaa kushika vikombe vya katikati ya magurudumu kuona kama vimepata joto na kukaza bolti za kile chuma. Mikumi ndipo njia yetu ya Kilosa inapoingia barabara kuu, nasi tulikubaliana kuagana pale baada ya kula. Tulikula ugali na nyama kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na maegesho ya malori. Mzee alikula kidogo, akanawa, akamwomba dereva ashushe propela kutoka kwenye mzigo. Nilidhani anataka kuikagua. Aliifunga kwa gunia, akaiegemeza begani kwangu.

"Rudi nayo," alisema.

"Mzee, gari bila propela utaliendeshaje?"

"Nani amesema naenda kuendesha? Naenda kukaa." Akaitazama njia tuliyotoka, ingawa sidhani kama aliiona. "Hiyo ibaki Kilosa. Siku nikija kuichukua, mtajua nimerudi. Mkataa kwao mtumwa, mwandishi."

Dereva akawasha lori. Nilibaki nimesimama kwa yule mama na chuma begani, nikiitazama pikapu tupu ikifuata lori kwa utii, usukani ukijizungusha wenyewe kwenye kona, hadi ile nguo nyekundu ilipopotea. Kwenye gari la kurudi Kilosa kondakta aliniuliza, "Kaka, hiyo propela umeichomoa gari likiwa linatembea?" Abiria wakacheka. Nilitamani mzee angekuwepo, maana yeye angepata jibu.

Kutoka Makambako mzee alikuwa akinipigia kila baada ya siku chache. Salamu zake hazikubadilika: "Mwandishi, nimeiwasha." Kila asubuhi alikuwa akitoka na blanketi begani, kwa sababu ya baridi ya kule, akiingia kwenye pikapu na kuiwasha. Alikaa humo mpaka injini ipate moto, halafu akaizima na kurudi ndani. Wajukuu walimtania kwamba babu amefika Iringa, babu amefika Kitonga. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo kwa kicheko. "Leo nimefika Mikumi," alisema siku moja, "nikakuta umechelewa." Nilimuuliza habari za nyumbani. Akaniambia wanamtunza vizuri, chakula kizuri, chumba kizuri, kitanda kipya. Kisha akasema kwamba mtaa mzima hakuna mtu anayemwita kwa jina lake. Anaitwa baba fulani, babu fulani, na mtu wa kuja kumwomba ambebee gunia hayupo.

Mwanawe aliniomba niitume propela kwa basi. Nilikuwa nimekwisha kuitoa ukutani mzee alipochukua simu kutoka mkononi mwa mwanawe. "Usitume," alisema. "Ukituma, nitakuwa nimehama kweli." Wakataka kumnunulia nyingine, akakataa. Wakataka kuiuza pikapu, akaacha kula. Siku hiyo mwanawe aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, baba yake anataka nini hasa. Nikamwambia anataka kurudi. Akajibu, na nilijua ana haki, "Arudi kwa nani, kaka?"

Nimelifikiria swali hilo siku nyingi. Miji yetu midogo inapunguza wazee wake hivi, mmoja mmoja, na kila mmoja anaondoka kwa sababu njema. Hakuna mtoto aliyekosea. Macho hayaoni, mke hayupo, kisima kiko mbali, watoto wana kazi na shule mahali pengine. Ukimwacha mzee peke yake utalaumiwa, na ukimchukua utashukuriwa. Sijamwona mtu akihesabu kile kinachofunguliwa ili safari iwezekane: majirani wanaogonga mlango kuomba gari, nafasi ya mtu msikitini, njia ambayo miguu inaijua hata macho yakikataa. Vitu hivyo hufunguliwa asubuhi moja, haraka haraka, kwa nia ya kumfikisha mtu salama. Naye hufika salama. Ngozi nzima, nguo safi, injini inawaka.

Nilikwenda kwenye hitima na propela yangu ndani ya gunia. Nilibadilisha gari pale pale Mikumi. Yule mama wa kibanda alilikumbuka gunia kabla ya kunikumbuka mimi.

"Bado unatembea na kile chuma? Mzee wako yuko wapi?"

"Amefariki."

"Pole, baba." Aliweka sahani chini. "Sasa unampelekea nani?"

Nililipa chai nikaondoka.

Baada ya dua na chakula, wageni walipotawanyika, nilimwomba mwanawe mkubwa spana na turubai. Aliniuliza nina haja gani, nikafunua gunia. Akavua koti, akalala chini ya pikapu pamoja nami. Mfuko wa plastiki ulikuwa bado umekazwa kwa mpira, na mafuta hayakuwa yamepungua. Tulipoinua propela tuliizungusha polepole mpaka ule mstari wa rangi ya kucha kwenye propela ukakutana na mwenzake kwenye difu. Mstari ulikuwa umefifia, lakini ulinyooka. Mwanawe aliushika kwa kidole. "Hii rangi ya mama," alisema, kisha tukazikaza nati.

Aliingia yeye, akawasha, akatia gia. Pikapu ikasogea. Iliacha mahali baba yake alipokuwa akikaa kuiwasha kila asubuhi, ikafika getini, na hapo akasimama. Aliteremka akashika mlango.

"Ingemfikisha," alisema.

"Asingeiona barabara."

"Mimi ningeiona, kaka. Angekaa hapa pembeni." Akakipiga kofi kiti cha abiria, vumbi likatoka.

Basi, wenzangu mnaojiandaa kumhamisha baba au mama, nawaambia lile ninalolijua kwa hakika. Kama gari ni la kusukumwa na matairi ya nyuma na safari ni ndefu, toeni propela, fri haitoshi. Wekeni alama kabla ya kulegeza nati. Na mkifika, hata kama mzee anakataa, mmoja wenu alale chini airudishe, kisha mwingine akae kwenye usukani na kumuuliza anataka kwenda wapi. Akisema kwao, mpelekeni akaone, akae hata siku mbili, mmrudishe. Sisi tulio Kilosa tutakuja kumpokea Mikumi.