Bwana Hakuna Kitu

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukagua majengo ya zamani kabla hayajabomolewa, aseme kama ardhini kuna mabaki ya watu wa kale. Tulimwita Bwana Hakuna Kitu, maana ripoti zake zote ziliishia hivyo.

Alipofika kwenye jengo letu hakuvuka hata kizingiti. Shangazi yangu, aliyekuwa mfagizi pale, alimfuata nje. "Baba, chini ya stoo pana kisima. Nikimwaga maji, sakafu inayanywa."

"Mama, usinifundishe kazi," akajibu, huku akisaini karatasi juu ya boneti ya gari.

Wiki iliyofuata sakafu ya stoo ilididimia na katapila likazama nusu. Dereva aliponea chupuchupu. Chini palikuwa na kisima cha mawe, mitungi na shanga tele.

Wakubwa walipokuja na wapiga picha, Bwana alikuwa mstari wa mbele, kifua mbele. "Nilihisi tangu mwanzo," akawaambia.

Shangazi alisonya. Yule bwana akapandishwa cheo, na sasa anafundisha wenzake kukagua. Mtu mzima ovyo.