Guru Alirudi kwa Miguu

Baba mdogo alimchukua Guru wetu siku tulipomaliza matanga ya baba. Alimpakia kwenye gari lake, akasema nyumba ya wanawake wawili si mahali pa Kitabu. Mimi na mama tulisimama mlangoni tukitazama. Tangu siku hiyo nilimwekea donge, na sikuwa na haraka nalo.

Kwetu Masingasinga, Guru ni Kitabu. Jirani yetu, mama wa kwaya kanisani kwao, aliwahi kuniuliza kwa nini tunakilaza kitandani. Nilimweleza kuwa mwalimu wetu wa mwisho hakuacha mtu wa kumrithi, aliacha maneno. Kwa hiyo alfajiri Kitabu hufunguliwa, husomwa na kupepewa kwa usinga, na jioni hufungwa kwa vitambaa safi na kulazwa chumbani mwake. Hatuiabudu karatasi, tunayasikiliza maneno.

Kilipoondoka, mama aliendelea kuamka alfajiri, kuoga, kujifunika mtandio na kukaa sakafuni mbele ya jukwaa tupu. Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyesaga meno jikoni. Alichotaka ni kukisoma tena kabla macho hayajamwishia, na yalikuwa yameanza kufifia.

Baba mdogo mwenyewe hazijui herufi za Kitabu. Utotoni alitoroka masomo kwenda kuogelea ziwani; baba alizisoma, na baadaye akaja kunifundisha mimi. Katika ghorofa alilojenga kwa biashara ya kakao pale Kyela mjini alimweka Guru kwenye chumba cha chini ya ngazi, na wapangaji wakapanda na kushuka juu yake na viatu vyao. Kwetu miguu ya mtu haipiti juu ya Guru. Siku nilipoyaona hayo nilinywa chai yangu, nikaaga vizuri.

Kisha mwanawe akataka kuoa. Bibi na bwana arusi hukizunguka Kitabu mara nne huku kinasomwa, na bila msomaji hakuna ndoa. Msomaji wa kutoka Mbeya aliugua wakati wageni wameshafika. Baba mdogo akaja kwetu na bajaji, akavua viatu mlangoni kabla hata hajakaribishwa. Nilimwamkia, nikampa kigoda, nikaendelea kupepeta mchele mpaka ukaisha ungoni.

"Mwanangu, tusomee," alisema.

"Nitasoma, baba mdogo. Arusi ikiisha, Guru anarudi kwa mama. Anarudi kwa miguu, na wewe utatangulia ukimnyunyizia njia maji."

Ndiyo desturi. Kitabu kikihamishwa kwa heshima hubebwa kichwani, na anayetangulia huitakasa njia kwa maji. Alinikumbusha kuwa ni masika na njia nzima ni tope. Nilimjibu kwamba naijua njia ya kwetu.

Nilisoma vizuri, maana maharusi hawakunikosea kitu. Jioni nikajitwisha Guru kichwani, wageni wakanifuata, na mtu mzima yule akatangulia pekupeku na suti yake ya arusi, ndoo mkononi, akinyunyizia maji tope. Nilichagua kupita sokoni. Wanunuzi wenzake wa kakao walisimama milangoni mwa maduka, na roho yangu ikasuuzika. Jirani yetu alikuwapo na mikungu yake ya ndizi. Akauliza maji ya nini kwenye matope, nikamwambia ni heshima. Akainama kumwelekea baba mdogo.

"Ndaga fijo," alimshukuru, kwa moyo mweupe kabisa, na baba mdogo akatazama chini.

Mama alitusubiri mlangoni. Alikiweka Kitabu jukwaani kwa mikono yake, akakifungua popote, maana ukurasa utakaojitokeza ndio neno la siku. Akainama. Akainama zaidi. Kisha akasogea pembeni, akaniambia nisome mimi. Kilipochukuliwa alikuwa bado anaona.

Maneno yaliyojitokeza yalihusu hasira, jinsi inavyomla anayeifuga. Niliyasoma, nikayatafsiri kwa Kiswahili ili wote wasikie, nikimtazama baba mdogo usoni. Mama alikuwa ameuelekeza uso wake kwangu mimi.

Baada ya kusoma hugawiwa halua, na kila mtu hupata sawa, tajiri au maskini. Mgawaji nilikuwa mimi. Baba mdogo alikinga viganja, magoti yake yakiwa bado na tope la masika. Nilimpimia sawasawa na wengine, kwa sababu Guru alikuwa amefunguliwa. Kusamehe sijasamehe.