Robine niliyoacha wazi

Leo kidogo tu nimukoseshe mutu kazi, wapendwa.

Fundi alifunga maji ya hii gorofa yetu ya Kakoba, atengeneze dari ya jirani wangu wa chini, iliyooza.

Mimi nikafanya kama kule kambini Nakivale: nikaacha robine, bomba la maji, wazi juu ya bidoni, lile dumu langu, maji yakirudi yaijaze. Nikaenda sokoni.

Kurudi, dari mupya ya jirani imeanguka! Maji yanatoka kwangu juu.

Mwenye gorofa anapigia fundi kelele: "Kazi gani hii? Toka!"

Fundi ameinama, anakusanya vyombo vyake.

Nikasema: "Muache mutoto wa watu. Ni robine yangu."



Jirani akaniangalia, mimi bibi muzee: "Jajja, na umeifunga?"

Bado!

Nimepanda ngazi mbio na haya magoti.

Fundi ameanza upya. Jirani hajanisemesha tena.

Mungekuwa nyinyi, mungesema ama mungenyamaza?